Nadhiri ya Tikiti

Kambini, Orla, Texas
Jumapili, 9 Februari

Baba mpenzi,

Naomba baraka yako, Baba. Najua hutanipa, lakini mdomo umezoea kuomba na mkono nao umeuiga. Goti la kushoto linaendeleaje na baridi hii? Shangazi Chelo ameniambia ulipanda juu ya paa peke yako kugongomea bati, na miaka yako sabini na moja. Mimi ni mzima, ila midomo imepasuka kwa upepo, na vumbi la Orla nimelila kuliko maharage.

Nakuandikia kwa sababu simu zangu hupokei. Na Jumamosi nilipokuja nyumbani ulizungumza na mbwa. "Canelo, mwambie huyo aliyesimama mlangoni kuwa kahawa iko jikoni." Baba, hata Canelo aliona haya! Shangazi akanivuta kando, akanieleza kuwa ni nadhiri, umeiweka mbele ya Mtakatifu Isidro, na nadhiri haivunjwi. Sawa. Lakini nadhiri ni ya kinywa, na kuandika si kusema. Nimelifikiria jambo hili kwenye foleni ya malori ya maji, na sijaona kosa lake.

Basi nisikilize kwa macho. Unajua vizuri kuliko mimi kwamba kila pipa moja la mafuta linapanda na mapipa manne ya maji, yenye chumvi mara tatu ya bahari na uchafu mwingine juu yake. Wenzetu wanayasukuma tena ardhini, mpaka nchi inatetemeka na sahani za Shangazi zinagongana kabatini. Sisi kwenye mtambo wetu tunayachemsha, tunakusanya mvuke, tunauchuja. Yanayotoka upande wa pili nimeyanywa, glasi nzima, mbele ya wageni.

Sasa serikali imetupa kibali cha kuyajaribu shambani hadi tarehe 31 Agosti. Kisipoota kitu, mtambo unang'olewa. Shangazi amenipa matuta ishirini upande wake wa shamba. Nitapanda matikiti, yale ya ganda la wavu kama ya Mama. Ulisema unataka tikiti, nitakuletea tikiti.

Bintiyo,
Yesenia


Coyanosa
20 Februari

Kwa Yesenia,

Salamu. Mimi sijambo. Goti liko pale pale lilipo. Paa halivuji, mwambie shangazi yako atazame la kwake.

Kuhusu hilo la kuandika, nilimuuliza Padri Eusebio. Alicheka mpaka akakohoa. Akasema Mtakatifu Isidro alikuwa mtu wa jembe, kusoma hakujua, kwa hiyo barua hazimhusu. Ndiyo maana unaiona hii.

Narudia nilichoapa, usije ukakipunguza njiani. Nilisema sitafungua kinywa changu kwako mpaka nile tikiti lililonyweshwa maji ya visima vya mafuta. Nilisema hivyo kwa kuwa haliwezekani. Ulikuwa umesimama jikoni kwa mama yako, helmeti yao kichwani, unaniambia maji yale yataotesha matikiti. Maji yale, Yesenia! Ulikuwapo bomba lao lilipopasuka siku ya Pasaka. Yalikaa shambani, upande wangu na wa Chelo, siku mbili kabla mtu hajaja kufunga koki. Mwaka wa tisa huu, hata magugu yamekataa kuota. Mama yako aliyekuwa akiuza matikiti yetu kando ya barabara kuu, watu wakitoka Odessa kuyafuata, alikufa huku dirishani mwake kuna uwanja mweupe kama chaki. Halafu binti yake anakwenda kufanya kazi kwa watu walewale.

Utaniambia si walewale, ni kampuni nyingine. Kwangu mimi wote ni helmeti.

Maji yakimwagika hayazoleki. Shamba la Chelo ni la Chelo, siwezi kumkataza. Lima uone.

Mimi niliyekuzaa,
Anastacio Urquidi


Orla
6 Aprili

Baba mpenzi,

Baraka yako, Baba. Nafurahi kwamba goti liko pale pale, ningehofu lingehama. Mimi ni mzima na leo nina furaha ya kupasuka.

Yameota! Nilipanda tarehe 29 Machi, mbegu za dukani, na jana nimekuta majani mawili mawili kwenye matuta yote ishirini. Darrell, mkuu wetu wa mtambo, alikuja na lori la tangi mwenyewe ili ayaone. Unamkumbuka, yule mrefu wa Monahans anayetembea kama anatafuta sarafu chini. Alipiga magoti akasema, "Yesenia, nimefanya kazi ya mafuta miaka thelathini, na hiki ni kitu cha kwanza nilichokisaidia kuota." Kisha akajifanya vumbi limemwingia machoni.

Maji yetu sasa ni safi kuliko ya bomba la mjini. Darrell ameongeza chujio la mwisho, hata madini hayapiti. Tumepima mara nne. Hayana kitu ndani yake, Baba, ni maji tu.

Nimeliona pazia lako likicheza mara tatu. Mara ya nne Canelo alitokeza pua. Mwambie asalimie.

Bintiyo,
Yesenia


Coyanosa
27 Aprili

Kwa Yesenia,

Salamu. Mimi sijambo. Wewe je?

Jumamosi mbili hujaja, lori tu limekuja likamwaga maji likaondoka. Barua hakuna. Shangazi yako anasema simu inaita bila kupokelewa, nikamwambia hilo nalijua, umelirithi.

Nimeyaona matuta. Yalianza kunyauka baada ya Ijumaa Kuu, na juzi ukavuma upepo ukayafagia yaliyobaki. Nilidhani siku hiyo ikifika nitakaa kibarazani ninywe bia. Nilikaa kibarazani kweli. Bia haikunywika.

Andika hata mstari mmoja. Si lazima uwe mzuri.

Baba yako,
Anastacio


Orla
2 Mei

Baba,

Baraka yako. Samahani kwa ukimya. Mwili ni mzima.

Sikujua nikuandikie nini. Tumepeleka maji maabara mbili. Zote zinasema ni safi, hayana sumu hata chembe. Tumepeleka na miche iliyokufa, nayo haina kitu. Lakini miche imekufa, na kila mtu hapa anaamini macho yake kuliko karatasi. Wakubwa wa Houston wamemwambia Darrell aanze kuorodhesha vyuma vya kuuza. Hajaanza, anazunguka na kalamu sikioni tu.

Nilikunywa maji yale mbele ya watu, Baba. Niliyasifia mpaka aibu. Usiku na mchana najiuliza kama ulikuwa sahihi tangu mwanzo, kwamba kuna vitu vikishaharibiwa hakuna mashine ya kuvirudisha. Kama ni hivyo, wewe na mimi tutaandikiana mpaka mmoja wetu azikwe, na nani atazungumza na nani kwenye mazishi? Canelo naye si kijana.

Nikipata nguvu nitakuja kung'oa mpira wa maji shambani kwa Shangazi.

Yesenia wako


Coyanosa
6 Mei

Mwanangu Yesenia,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima, na ninyi wote mna vichwa vigumu kuliko helmeti zenu.

Usiung'oe mpira. Baada ya kusoma barua yako nilivuka ua nikaingia kwa Chelo. Ndiyo, nilivuka. Lori lilikuwa limeondoka asubuhi, na madimbwi yalikuwa bado yanang'aa kwenye mitaro, yametulia tuli. Saa sita mchana yalikuwa palepale. Nikaingiza kidole. Juu kuna gamba gumu, linateleza kama sahani iliyopakwa mafuta. Chini ya gamba, upana wa kidole kimoja tu, udongo ni mkavu kama unga wa mahindi. Nikachomeka nondo, ikagoma.

Miche yako haikufa kwa sumu. Imekufa kwa kiu, huku imesimama kwenye dimbwi.

Maabara haziwezi kuliona hilo kwa sababu hazijawahi kulima Coyanosa. Kila mzee wa matikiti huku anajua kuwa ardhi iliyokula chumvi ikinyeshewa mvua kubwa inajifunga. Maji matamu mno yanaiziba. Babu yako alikuwa akitazama mawingu upande wa milima ya Davis, halafu anatupigia kelele tukimbie na magunia ya jasi, ule unga mweupe wa mawe, tuimwage kabla tone la kwanza halijaanguka. Maji yetu ya kisima hayakuwa na shida hiyo, yalikuja na madini yake. Ninyi mmeyaosha maji yenu mpaka yamebaki uchi. Yanafika kwa ardhi mikono mitupu, na ardhi inafunga mlango.

Jasi, mwanangu. Magunia arobaini kwa matuta yale, ichanganywe na jembe. Nyingine kidogo mtie ndani ya tangi. Ikishafungua ardhi, maji yenu yataisukuma ile chumvi ya Pasaka chini kabisa, kusikofikiwa na mizizi. Safari hii usafi wake utafaa.

Usiniamini mimi. Niliona jinsi mnavyopenda kupima, basi pima. Juu ya nguzo ya ua wa Chelo nimeacha makopo matatu ya kahawa. Mawili nimeyakata juu na chini. Yapigilie ardhini, moja penye jasi, jingine pasipo na jasi, jaza maji yenu na utazame saa.

Kopo la tatu usilikate. Ndani yake zimo mbegu za mama yako. Alizikausha mwaka ule wa mwisho, kabla ya Pasaka, na zimekaa kwenye friza chini ya nyama mpaka leo. Chelo amenifokea mara ngapi kuwa zinajaza nafasi. Nilikuwa nazitunza bila kujua nazitunzia nini.

Panda siku ya Mtakatifu Isidro. Kama tumemwingiza kwenye ugomvi wetu, naye afanye kazi.

Baba yako


Orla
18 Mei

Baba mpenzi sana,

Baraka yako, Baba! Goti lako niliombee nini tena, goti lililovuka ua ni zima. Mimi ni mzima kuliko wazima wote.

Nilimpelekea Darrell barua yako, nikamsomea ile sehemu ya helmeti kwanza ili maumivu yaishe mapema. Akasema, "Ngoja nielewe. Tumehangaika mwaka mzima kuyatoa madini majini, na mzee anataka tuyarudishe kwa gunia?" Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Huyo mzee amesomea wapi?" Nikamjibu, "Kwenye jua."

Tukapigilia makopo. Pasipo na jasi maji yalikaa nusu saa yakitutazama. Penye jasi, Baba, tulijaza kopo, Darrell akainama kuwasha saa, na alipoinuka maji yalikuwa yameshuka nusu. Yalinywewa kwa sauti, niliisikia ardhi ikimeza! Darrell alivua kofia, akaishika kifuani kama mtu aliye kanisani. Kisha akatoa kalamu sikioni akaitupa ng'ambo ya ua. Ilianguka upande wako. Ukiiona ni yake.

Tulisambaza magunia arobaini siku mbili, mgongo wangu unayataja moja moja. Na tarehe 15 nikapanda. Nilizipanda zote kwa mkono, hata moja sikumpa Darrell aiguse ingawa aliniomba vizuri. Nilizihesabu, zilikuwa mia moja na kumi na mbili. Kwa kila moja nilimwambia Mama, hii ni yako.

Shangazi alikuwa na sanamu ya Mtakatifu Isidro kwenye toroli, tukaizungusha matuta yote, gurudumu likilia njia nzima. Nilikuona kibarazani. Ulikuwa umesimama na kofia mkononi, na safari hii hukujificha nyuma ya pazia.

Binti yako anayekupenda,
Yesenia


Coyanosa
30 Juni

Mwanangu,

Salamu kutoka kwa mlinzi wa shamba, ambaye hakuajiriwa na mtu. Mimi sijambo, na uzima wako nauona kila Jumamosi, ila ule chakula. Nilikuona ukipeperushwa na upepo kama karatasi.

Habari za huku. Mbegu mia moja na mbili zimeota kati ya zako zote. Matawi ya matikiti yametambaa yakafunika mitaro, na maua ya njano yamekuja, na nyuki nao, sijui walikuwa wapi miaka tisa. Mashariki ya tuta la saba limeota gugu, Yesenia. Gugu la kawaida, lile tulilokuwa tukilitukana. Chelo alitaka kuling'oa nikamzuia. Nilikaa chini nikalitazama nikalia kama mjinga. Naandika hivi kwa sababu ukiniuliza nitakataa.

Sungura wamesikia habari pia. Nimeweka kiti katikati ya shamba, mimi na Canelo. Yeye anawafukuza, mimi nawatukana. Matusi ni kwa sungura tu, kwa hiyo nadhiri iko salama.

Kalamu ya mkuu wako ninayo. Mwambie aje aichukue, ila ajue mzee wa hapa anazungumza na watu wote isipokuwa mmoja.

Baba yako


Orla
10 Agosti

Baba mpenzi,

Baraka yako, Baba. Natumai joto halijakuonea, huku kwetu vyuma havishikiki.

Jumamosi niligusa tikiti la tuta la kwanza, likaachia kikonyo lenyewe, kama ulivyonifundisha nilipokuwa mdogo: lililoiva halivutwi. Harufu ilinifikia kabla sijainama. Ganda la wavu, zito, na kwenye kitako ile rangi ya dhahabu ya matikiti ya Mama. Nilikaa nalo mapajani kama mtoto mchanga.

Sasa nisikilize, na usikasirike. Usile. Najua Darrell alikuletea moja mlipokuwa mnanywa bia, ameungama. Mkaguzi wa serikali amechukua matikiti kumi na mawili kupeleka maabara, na mpaka majibu yarudi hakuna anayeruhusiwa kuonja, hata mimi, hata sungura. Siwezi kukuhatarisha kwa ajili ya furaha yangu. Nimesubiri tangu Februari, nitasubiri wiki mbili.

Maabara wakikuta kitu, Baba, nitalifukia mwenyewe, tutaendelea kununua stempu.

Bintiyo,
Yesenia


Coyanosa
14 Agosti

Mwanangu,

Sijambo. Tikiti halijambo. Liko mezani, nami niko mbele yake, tunatazamana tangu Jumapili. Nyumba nzima inanukia Agosti za zamani. Chelo amelihamishia kwenye friji ili niweze kulala.

Sitakula. Nilipoapa nilidhani kigumu ni kulipata tikiti. Kumbe kigumu ni kukaa na njaa yake.

Chukua muda wako. Fanyeni kazi yenu sawasawa, pimeni kila kitu. Lile bomba la Pasaka lingekuwa na mtu mmoja wa kulipima, mimi na wewe tusingenunua stempu hata moja.

Baba yako


Orla
27 Agosti

Baba,

Baraka yako! Soma hii umekaa.

Majibu yamekuja. Safi. Yote kumi na mawili, safi kuliko ya dukani waliyoyapima pembeni kwa kulinganisha. Mkaguzi ni mama mmoja mkavu, hacheki. Alisoma karatasi mara mbili, akauliza kama anaruhusiwa kubaki na moja. Kibali kimeongezwa miaka mitatu na mtambo haung'olewi. Houston wanataka kujua ni mtaalamu gani aliyegundua jambo la jasi, Darrell ameandika kwenye ripoti: "Bwana A. Urquidi, mkulima, Coyanosa." Ukurasa wa kwanza, Baba, juu ya jina lake yeye.

Na matuta ishirini siyo mwisho. Msimu ujao wanaomba shamba zima, na upande wako pia, ukikubali.

Nakala ya majibu nimeiweka ndani ya bahasha. Fungua friji.

Binti yako,
Yesenia


Coyanosa
30 Agosti, saa nne asubuhi

Mwanangu, Yesenia wangu,

Nimekula.

Nilitumia kisu cha mama yako. Nilikuwa nimeshika kikopo cha chumvi kunyunyiza kama kawaida yetu, nikakirudisha. Ardhi hii imekula chumvi ya kutosha. Nililikata kwenye ncha, juisi ikakimbia mezani, na Chelo akaanza kulia kabla hata hajapewa. Ni lile lile, mwanangu. Utamu ule ule unaouma kidogo kooni. Nimekula nusu nzima nimesimama, na Canelo amelamba maganda, naye anastahili.

Nilikuandikia kuwa maji yakimwagika hayazoleki. Wazee walisema, nami nikasema kama wao. Wewe umeyazoa, tena umeyarudisha palepale yalipoua, na yameotesha. Nina fahari nawe mpaka kifua kinauma, na naona aibu kwamba nilikunyima sauti yangu miezi saba kwa ajili ya helmeti tu.

Kinywa changu sasa kiko huru, lakini tangu nimeze kipande cha mwisho sijatamka neno kwa mtu. Chelo ananisemesha, ninatikisa kichwa. Anasema nimepooza. Neno la kwanza ni lako, nimelishika ulimini kama kipande cha tikiti, na maili sabini za barabara ya Orla zitanitosha kulifikisha bila kulimwaga. Upande wangu wa shamba chukueni. Tutaanza na jasi.

Barua hii siipeleki posta. Nakuja nayo mwenyewe, na sitakupa mpaka uvue helmeti, uinamishe kichwa, na uombe kile ulichoomba katika kila barua tangu Februari, nami nijibu kwa sauti, kambi nzima ya Orla isikie. Kwa hiyo kama unayasoma haya, ulishakipata.

Baba yako